Matokeo Kabla ya Kura: Uhakiki wa Lugha ya Hofu ya Uchaguzi wa Burundi wa 2015 katika Mwambao wa Rumonge

Tarehe 24 Julai 2015, tume ya uchaguzi ya Burundi, CENI, ilitangaza kwamba Pierre Nkurunziza amepata asilimia 69.41 ya kura za urais na Agathon Rwasa asilimia 18.99. Kufikia siku hiyo zaidi ya watu 150,000 walikuwa wamekwisha kuihama nchi. Wengi wa waliotoka kusini walipita ziwani. Waliteremka hadi mwambao kati ya Rumonge na Nyanza-Lac, wakafika Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na maji na kisichofikika kwa gari. Mwezi Mei makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala katika ufukwe ule. Kipindupindu kikazuka na kuua watu wasiopungua 30. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikawa inawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Mfuatano huu wa tarehe unazua swali ambalo uandishi wa Kiswahili kuhusu uchaguzi ule haukulishughulikia ipasavyo. Ikiwa matokeo yalitangazwa Julai, watu wa Mei walikimbia nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba walikimbia wasiwasi, uvumi, au ile hali ambayo wanahabari wa Afrika Mashariki wamekwisha kuipa jina la kudumu: sintofahamu. Makala hii inadai kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba kosa lake limo katika msamiati kabla ya kuwamo katika siasa. Watu wa mwambao walikuwa na fahamu. Walichokosa ni lugha rasmi iliyo tayari kuipokea fahamu yao kama taarifa.

Nani hakufahamu?

Neno "sintofahamu" lina historia ya kuchekesha kidogo. Kwa umbo lake ni kauli ya nafsi ya kwanza inayokanusha uelewa: mimi sitafahamu. Katika matumizi ya magazeti na redio limegeuzwa nomino, likapoteza nafsi yake, kisha likabandikwa juu ya nchi nzima. "Nchi imo katika hali ya sintofahamu" ni sentensi isiyo na msemaji. Msomaji hawezi kuuliza ni nani hasa hafahamu: ni mwandishi aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, au ni mvuvi wa Rumonge? Sarufi imemficha mjinga wa tukio, na mara nyingi aliyefichwa ni mwandishi mwenyewe.

Yatazamwe mambo yaliyokuwa yanajulikana mwambaoni mwanzoni mwa Mei 2015. Ilijulikana kwamba Machi 2014 serikali ilijaribu kurekebisha Katiba bungeni na kushindwa kwa kura moja tu. Ilijulikana kwamba tarehe 25 Aprili 2015 chama cha CNDD-FDD kilimteua Nkurunziza kugombea tena, na kwamba kesho yake maandamano yalianza Bujumbura na polisi wakapiga risasi. Walijulikana pia vijana wa Imbonerakure, tawi la vijana la chama tawala ambalo jina lake kwa Kirundi lina maana ya waonao mbali. Vitisho vyao vilitajwa tena na tena na waliofika kambini. Hata kabla ya uteuzi, maelfu kadhaa ya watu wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuingia Rwanda. Mshindi naye hakuwa fumbo. Hakuna mtu makini, awe wa chama tawala au wa upinzani, aliyetarajia CENI itangaze jina jingine.

Basi kama jina la mshindi lilijulikana, wasiwasi juu ya "matokeo" ulikuwa wasiwasi juu ya nini? Hapa Kiswahili chenyewe kina msaada ambao watumiaji wake rasmi hawajautumia. Nomino "matokeo" ina maana mbili ambazo mzungumzaji wa kawaida hazitenganishi. Matokeo ni hesabu inayotangazwa, kama matokeo ya mtihani. Matokeo pia ni kile kinachotokea kwa sababu ya tendo fulani, kama matokeo ya mafuriko. Katika nyaraka za kisera, ambazo nyingi huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, dhana hizi mbili zina maneno mawili. Kwa hiyo mshauri wa sera hupima kwanza mashaka juu ya hesabu, na yanayofuata hesabu huyaweka katika sura nyingine, aghalabu yenye kichwa cha "baada ya uchaguzi". Mwambaoni utaratibu ulikuwa kinyume. Matokeo ya maana ya pili yalikuwa yameanza, na matokeo ya maana ya kwanza yalikuwa tarehe tu iliyokuwa ikiahirishwa: urais kutoka 26 Juni hadi 15 Julai, kisha 21 Julai.

Neno "kura" nalo linastahili kuangaliwa, japo kwa kifupi. Asili yake ya Kiarabu ni kupiga kura kwa maana ya bahati nasibu, yaani kuacha jambo liamuliwe na lisilotabirika. Kirundi husema gutora, kuchagua au kuokota, na uchaguzi ni amatora. Mtu anayepiga kura kwa Kiswahili amebeba ndani ya kitenzi chake ahadi kwamba hajui kitakachotoka. Ahadi hiyo haikuwapo Julai 2015. Kanisa Katoliki lilikuwa limewaondoa mapadre wake katika kamati za uchaguzi mwishoni mwa Mei. Umoja wa Ulaya ulikuwa umesitisha ujumbe wake wa waangalizi. Na ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliobaki, MENUB, ulieleza kwamba mazingira kwa jumla hayakuruhusu uchaguzi huru, wa kuaminika na unaoshirikisha wote.

Umbali kati ya maana mbili za matokeo una tarehe zake katika kumbukumbu ya Burundi. Tarehe 1 Juni 1993 Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Pierre Buyoya wa UPRONA, kwa takriban theluthi mbili ya kura. Hesabu ilikubaliwa, Buyoya akaondoka madarakani, dunia ikasifu. Matokeo ya maana ya pili yalikuja tarehe 21 Oktoba, Ndadaye alipouawa na wanajeshi, na vita vilivyofuata vikadumu zaidi ya muongo mmoja. Mchambuzi aliyefunga daftari lake Juni 1993 aliandika kwamba uchaguzi ulikwenda vizuri, na kwa maana ya kwanza hakukosea.

Uvumi na redio zilizozimwa

Neno la pili linalohitaji kuhakikiwa ni "uvumi", kwa kuwa ndilo lililotumiwa na mamlaka. Katika miezi ile viongozi wa Burundi walirudia kwamba wanaokimbia wanasukumwa na uvumi wa wapinzani. Kwa Kirundi neno lililotumika ni ibihuha, lililo karibu na kitenzi guhuha, kupuliza. Kiswahili kina uvumi, kutoka kuvuma. Lugha zote mbili zinauchukulia uvumi kuwa kitu cha hewani. Lakini kuvuma hakumaanishi kudanganya. Upepo huvuma, ngoma huvuma, ziwa huvuma. Anayeishi kwa kuvua mukeke na ndagala (Kigoma wangesema migebuka na dagaa) hausubiri upepo ufike kwenye mtumbwi ndipo auamini. Muvumo ni dalili ya kitu kilichopo mbali kidogo, na kazi ya msikilizaji ni kukadiria umbali wake. Maana ya "habari ya uongo" ni moja tu kati ya maana za uvumi, na haistahili kuwa ya kwanza.

Zaidi ya hapo, wanaolaumu uvumi hawana budi kueleza habari zisizo uvumi zilikuwa zinapatikana wapi. Tarehe 26 na 27 Aprili mitambo ya redio binafsi iliyorusha matangazo nje ya mji mkuu ilizimwa, na Radio Publique Africaine, iliyosikilizwa kuliko nyingi, ikafungwa. Siku chache baadaye WhatsApp na Facebook zikakatwa kwenye simu. Tarehe 13 Mei Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua rais aliyekuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki; jaribio lilishindwa, na katika saa zile RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance zikaharibiwa, kama ilivyoharibiwa pia Rema FM iliyoegemea upande wa serikali. Rumonge iko kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura. Kwa mkazi wake, ukimya ulianza majuma mawili na zaidi kabla ya jaribio la mapinduzi. Kilichobaki ni redio ya taifa, idhaa za nje, na midomo ya watu: madereva wa barabara ya ziwani, wachuuzi wa mawese, wanaovuka kwenda na kurudi Kigoma, Uvira na Kalemie.

Ni hapa Kiswahili kinapoingia, na ni hapa wataalamu wa Kiswahili wenyewe wanapopaswa kulaumiwa. Kiswahili cha mwambao wa Burundi kimekuwa kikitajwa katika tafiti kama suala la Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura, na Rumonge huongezwa kwa sentensi moja. Ilhali Rumonge ina tabaka mbili za Kiswahili zilizokutana. Ipo lugha ya kale ya biashara na uvuvi, ya mji wenye Waislamu na mahusiano na Kongo. Ipo nyingine iliyoletwa na waliorudi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watoto na wajukuu wa waliokimbia mwaka 1972, waliosoma shule za Tanzania na kuzungumza Kiswahili cha darasani. Hawa wa pili walirudi na lugha, na pamoja na lugha walirudi na madai ya ardhi, kwani mashamba ya michikichi waliyoyaacha wazazi wao yalikuwa mikononi mwa wengine. Katika mji wa namna hiyo, mtu akizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Tabora kuhusu uchaguzi, msikilizaji anasikia habari ya uchaguzi na habari ya shamba kwa pamoja. Utafiti wa kiisimujamii ungeweza kuwaeleza watunga sera jambo hilo mapema. Haukueleza, kwa sababu ulikuwa unahesabu maneno ya mkopo.

Tarehe nazo husikika. Tarehe 29 Aprili 1972 ndiyo siku mashambulizi ya waasi yalipoanza Rumonge na Nyanza-Lac, na kufuatiwa na mauaji ya jeshi la Micombero yaliyoangamiza Wahutu, hasa waliosoma, kwa idadi ambayo makadirio ya kawaida huiweka kati ya 100,000 na 300,000. Maandamano ya 2015 yalianza tarehe 26 Aprili. Kwa mzee wa mwambaoni hakukuwa na haja ya mchochezi yeyote kumkumbusha kalenda. Taarifa za tahadhari zilizoandikwa miji mikuu zina safu za idadi ya matukio na idadi ya silaha. Safu ya kumbukumbu hazina, na inapotajwa huitwa "kiwewe", neno linaloichukulia kumbukumbu kama ugonjwa wa mkumbukaji.

Muhula, manda na kuhesabu

Mgogoro wa 2015 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mgogoro wa kusoma maandishi. Ibara ya 96 ya Katiba ya 2005 ilisema rais huchaguliwa kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Ibara ya 302 iliweka, kwa upekee, kwamba rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na Bunge na Seneti. Nkurunziza alichaguliwa hivyo Agosti 2005. Upande wake ulisema muhula ule hauhesabiki chini ya ibara ya 96. Wapinzani wakarejelea Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, usioruhusu mtu yeyote kuongoza zaidi ya mihula miwili. Mahakama ya Katiba iliamua mwanzoni mwa Mei kwa faida ya rais, baada ya makamu rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, kukimbilia Rwanda na kueleza kwamba majaji walishinikizwa.

Vyombo vya habari vya Kiswahili viliandika "muhula wa tatu" bila kusita. Usahihi wa kihesabu wa maneno hayo ni dhahiri, lakini uhakiki wa haki lazima ukiri kwamba yalikuwa pia hukumu: aliyeandika "muhula wa tatu" alikuwa amekwisha kuhesabu ule wa 2005. Kwa Kirundi watu walisema "manda ya gatatu", na kwa kuwa manda ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kirundi, ubishi ulibaki katika lugha ya mahakama. "Muhula", kinyume chake, ni neno la shule na la kalenda. Muhula huisha hata kama mwalimu angependa uendelee. Huenda ndiyo sababu waliokuwa wanasikiliza idhaa za Kiswahili mwambaoni waliupata upinzani kwa lugha iliyo wazi kuliko ile ya wanasheria wa Bujumbura; dhana hii inahitaji utafiti wa wasikilizaji, si wa maandishi peke yake. Kwa upande wa sheria, ubishi ulifikia mwisho wa aina yake tarehe 25 Novemba 2021, Kitengo cha Rufani cha Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kilipoona kwamba uamuzi ule wa 2015 ulikiuka Mkataba wa Arusha na Mkataba wa Jumuiya. Nkurunziza alikuwa amefariki tarehe 8 Juni 2020.

Hofu inayopimwa

Uchaguzi wa maneno haukuishia magazetini. Mkataba wa 1951 kuhusu wakimbizi unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi. Katika sheria, basi, hofu ni ushahidi, sharti iwe na msingi. Uvumi ni kinyume chake. Serikali inapokiita "uvumi" kile ambacho mkimbizi anakiita "hofu", inafanya zaidi ya kumdharau: inampokonya sifa ya kisheria. Mwaka 2015 Tanzania iliwapokea Warundi kwa pamoja, bila kumhoji kila mmoja kwa undani, msimamo ulioafikiana na Mkataba wa OAU wa 1969. Januari 2017 utaratibu huo ulikomeshwa, na kila mwombaji akatakiwa kuithibitisha hofu yake peke yake. Julai mwaka huohuo Marais Magufuli na Nkurunziza walikutana Ngara, na wakimbizi wakahimizwa kurudi kwa hoja kwamba nchi imetulia.

"Kutulia" ndilo neno la mwisho la kuhakikiwa, na ndilo gumu zaidi, kwa kuwa linapendwa na pande zote. Maji hutulia. Mtoto aliyechapwa hutulia pia. Ripoti inayoandika "hali ni tulivu" imeeleza sauti iliyosikika na haijaeleza sababu ya kutosikika nyingine. Mwaka 2020 waliovuka mpaka kuelekea siku ya kura walikuwa wachache mno wakilinganishwa na 2015. Évariste Ndayishimiye akapata takriban asilimia 69, Rwasa takriban 24, na siku ya kura, tarehe 20 Mei, mitandao ya kijamii ilizimwa. Kwa kipimo cha wakimbizi, hofu ilipungua. Lakini waliokuwa na hofu kubwa zaidi walikuwa wamebaki Tanzania, Rwanda, Uganda na Kongo tangu uchaguzi uliotangulia, na katika hesabu ya 2020 hawakuwamo. Kupima hofu kwa wanaoondoka mwaka huu tu ni kama kuhesabu samaki waliobaki ziwani kwa kutazama sokoni.

Kwa wanaoshauri serikali na Jumuiya, hatua inayofuata kutokana na haya haihitaji fedha nyingi. Mkutano wa wakuu wa nchi wa Julai 2022 jijini Arusha uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, pamoja na Kifaransa. Ikiwa uidhinishaji huo una maana nje ya jukwaa, waangalizi watakaotumwa Burundi kwa uchaguzi wa rais wa 2027 wanapaswa kuyachukua maelezo ya watu wa mwambao kwa Kiswahili na kwa Kirundi kama yalivyosemwa, na kuyahifadhi hivyo, kabla ya kuyafupisha kwa Kifaransa au Kiingereza. Mtu akisema "ninaogopa matokeo", mwandishi wa maelezo asimwamulie ni yapi. Amuulize. Na aanze kuuliza mapema, kabla redio yoyote haijazimwa.

Kuna ugumu mmoja wa kiutawala ambao hautatatuliwa na lugha. Mkoa wa Rumonge uliundwa kwa sheria ya tarehe 26 Machi 2015, mwezi mmoja kamili kabla ya maandamano, kwa kukusanya komini za Bururi na za Bujumbura Vijijini. Katika mgawanyo mpya uliotumika kwenye uchaguzi wa Juni 2025, mikoa 18 imekuwa mitano. Komini ya Rumonge sasa imo katika mkoa wa Burunga, pamoja na Bururi, Makamba na Rutana. Atakayetaka kulinganisha mwambao wa 2027 na ule wa 2015 atalazimika kutafuta kumbukumbu zilizohifadhiwa chini ya jina la mkoa ambao haupo tena.